Chaja Inapochomolewa

Anayeandika barua kwenye kompyuta huamini mashine iko kazini muda wote. Kumbe prosesa inangoja kuliko inavyofanya kazi. Kati ya herufi moja na nyingine, mwandishi mwepesi hutumia kama sehemu ya kumi ya sekunde, na ndani ya muda huo prosesa ya siku hizi ingeweza kutekeleza amri mamia ya mamilioni. Herufi ikishatokea kwenye skrini, amri za kutekeleza hakuna. Mfumo endeshi, ambao ndio unaogawa kazi, unatazama foleni na kuikuta tupu. Hapo ndipo linapozuka swali la sura hii: prosesa isiyo na kazi ifanye nini?

Kwa miaka mingi kompyuta nyingi za nyumbani zilijibu swali hilo kwa kuzunguka. Mfumo uliipa prosesa kitanzi kisicho na mwisho, ikawa inauliza kama kazi imekuja, inaambiwa hapana, inauliza tena, huku ikila umeme kama kawaida. Haikuwa kwa kukosa njia nyingine. Prosesa ya 8086 ambayo Intel iliitoa mwaka 1978 tayari ilikuwa na amri ya HLT, inayoisimamisha mpaka ipigwe katizo kutoka nje: kitufe kimebonyezwa, diski imemaliza kusoma, saa imegonga. Linux iliitumia amri hiyo tangu utoto wake. Windows 95 haikuitumia, na wapenzi wa kompyuta wa miaka ile walilazimika kujitafutia viprogramu kama Rain na CpuIdle ambavyo kazi yake yote ilikuwa kutoa amri hiyo moja kila mfumo ulipokosa shughuli. Watu waliweka programu ya ziada ili kompyuta yao ijue kukaa bure vizuri, na prosesa zilipoa kweli.

Baadaye kusimama huko kuligawanywa ngazi, na ngazi zikapewa herufi C na namba. C0 ni kuwa macho, kazini. C1 ni ile HLT ya kale: saa ya ndani ya kiini, yaani ile sehemu ya prosesa inayotekeleza amri, inasimama, lakini kila kitu kiko palepale, na kuamka ni kufumba na kufumbua. Ukishuka hadi C3, saa nyingi zaidi zinazimwa, na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, inaachwa bila kufuatilia mabadiliko ya kumbukumbu kuu, au inamwagwa kabisa. C6 ilizifikia laptopu mwaka 2008, katika Core 2 Duo za nanomita 45. Huko kiini huandika hali yake yote, rejista moja baada ya nyingine, kwenye kipande cha kumbukumbu ambacho hakizimwi, kisha volteji yake hushushwa mno. Kizazi cha Nehalem, kilichotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, kiliongeza milango ya umeme ndani ya chipu yenyewe, hata kiini kimoja kikaweza kukatiwa umeme huku jirani yake akiendelea na kazi.

Kila ngazi ina bei mbili. Ya kwanza ni muda wa kuamka. Ya pili ni muda wa chini ambao usingizi unapaswa kudumu ili umeme uliookolewa uzidi ule uliotumika kuingia na kutoka. Jedwali la Nehalem lililomo ndani ya Linux linasema C1 huamka kwa maikrosekunde 3, C3 kwa 20, na C6 kwa 200. Tena C6 haina faida kama kiini hakitalala angalau maikrosekunde 800. Katika Skylake, iliyokuja miaka saba baadaye, ngazi ya chini kabisa, C10, huhitaji maikrosekunde 890 kuamka, na haifai kuingiwa kwa usingizi wa chini ya milisekunde 5.

Dereva wa bodaboda anaifahamu hesabu hii bila kufundishwa. Abiria akisema anaingia dukani mara moja kuchukua chenji, injini inaachwa ikinguruma. Akisema anakwenda kumsalimia shangazi, injini inazimwa, kwa sababu shangazi hasalimiwi kwa dakika moja. Tatizo la mfumo endeshi ni kwamba abiria wake haagi. Ndani ya kerneli ya Linux, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo, kuna kipande kinachoitwa menu ambacho hukadiria: kinatazama kipima muda cha karibu kitalia lini, kinakumbuka mara chache zilizopita kiini kililala kwa muda gani, kisha kinachagua ngazi. Mwaka 2019 kiliongezewa mwenzake, TEO, anayekadiria kwa njia nyingine. Kile kinachotumika kati ya hivyo viwili huweza kuchagua mara maelfu kwa sekunde, katika kila kiini.

Nimeeleza hayo yote kana kwamba orodha ya ngazi iko mbele ya mfumo endeshi, imechongwa kwenye jiwe. Haikuwa hivyo.

Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walichapisha kanuni za ACPI, lugha ya pamoja ambayo kwayo programu ya ndani ya ubao mama, tuliyozoea kuiita BIOS, inaueleza mfumo endeshi juu ya umeme wa mashine. Toleo hilo la kwanza liliieleza C2 na C3 kwa namba mbili tu katika jedwali lisilobadilika. Kila namba ilikuwa muda wa kuamka. Mtengenezaji ambaye mashine yake haikuwa na C2 aliandika namba inayozidi 100, na asiye na C3 aliandika inayozidi 1000, na mfumo ukaelewa kwamba ngazi hiyo haipo. Kulala kwenyewe kulikuwa kwa ajabu kidogo: mfumo ulisoma anwani fulani ya maunzi, na kitendo hicho cha kusoma ndicho kilichoilaza prosesa.

ACPI 2.0 ya mwaka 2000 iliondoa ugumu huo kwa kuleta kitu kinachoitwa _CST, na hapo ndipo mambo yalipochangamka. _CST inaweza kuwa programu. BIOS huiandika kwa lugha ya ACPI, mfumo endeshi huitekeleza kwa mkalimani wake, na jibu linalotoka ni orodha ya ngazi pamoja na gharama zake. Kwa kuwa ni programu, inaweza kujibu hivi leo na vile kesho. Inaweza kuangalia kama chaja imechomekwa kabla ya kujibu. Wabunifu walilijua hilo na waliliruhusu kwa makusudi, ndiyo maana waliweka pia njia ya kugonga mlango: BIOS ikiamua orodha imebadilika, hutuma taarifa yenye namba ya heksadesimali 81 kwa prosesa husika. Maana yake ni kwamba ulichokijua kuhusu usingizi kimepitwa na wakati, uliza upya.

Laptopu za miaka ya 2000 ziliitumia ruhusa hiyo. Zikiwa kwenye umeme wa ukutani zilitoa orodha fupi, pengine C1 na C2 basi. Zikiwa kwenye betri ziliongeza C3, na nyingine C4. Hoja ya mtengenezaji inaeleweka: umeme wa ukutani ukiwepo, mteja anataka wepesi, umeme ukitoweka, anataka saa za betri. Kwa msomaji anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga, tukio hili halihitaji hata mkono wa mtu. Taa za nyumba nzima zikizima, laptopu iliyo mezani inahamia kwenye betri, na ndani yake mazungumzo marefu yanaanza na kwisha kabla hujapata mshumaa.

Mazungumzo hayo yanakwenda hivi. Chipu ndogo inayosimamia betri na kibodi inahisi kwamba chaja haipo tena. Inapiga katizo maalumu la ACPI. Kerneli inaitikia, inauliza ni tukio gani, kisha inatekeleza kipande cha programu ya BIOS kilichoandaliwa kwa tukio hilo. Kipande hicho kinatoa taarifa mbili: moja kwa kifaa cha chaja, ili alama ya betri kwenye skrini ibadilike, na nyingine, ile 81, kwa prosesa. Tena si kwa prosesa moja. Machoni pa ACPI kila kiini ni prosesa inayojitegemea, kwa hiyo mashine yenye viini vinane inaweza kutuma taarifa nane zenye ujumbe uleule.

Sasa kerneli ina orodha mpya mkononi, na kitu rahisi kingekuwa kufuta ya zamani na kuandika mpya mahali pake. Hapo ndipo hatari ilipo. Wakati kiini namba 0 kinashughulikia taarifa, kiini namba 3 kinaweza kuwa kimelala fofofo kwa kufuata mstari wa nne wa orodha ya zamani. Kitakapoamka kitarudi kwenye mstari huohuo kuandika kimelala kwa muda gani, ili makadirio ya kesho yawe bora. Kama mstari umefutwa, kitaandika kwenye kumbukumbu isiyokuwa yake. Au kiini namba 5 kiko katikati ya kuchagua: kimeshasoma kwamba kuna ngazi nne, hakijasoma ya nne ni ipi, na sasa, kwa kuwa chaja imechomekwa tena, ziko mbili. Kosa la namna hii linaweza kukaa miaka bila kuonekana, kisha likaiangusha mashine ya mtu mmoja kati ya maelfu aliyechomeka au kuchomoa chaja kwa bahati mbaya ndani ya maikrosekunde hizo.

Linux ilipopata mfumo wake wa pamoja wa usingizi, cpuidle, katika toleo la 2.6.24 la Januari 2008, tatizo hili lilipata mahali pa kushughulikiwa. Namna linavyotatuliwa sasa ni ya kibabe, nami naipenda kwa ubabe wake. Kwanza kerneli inazuia kiini chochote kuongezwa au kuondolewa. Kisha inafunga mlango wa usingizi wote: inaweka alama kwamba cpuidle haitumiki kwa sasa, na inawaamsha wote waliolala, kila kiini, hata kile ambacho hakikuhusika. Inangoja mpaka ina hakika kwamba hakuna aliyeshika mstari wowote wa orodha ya zamani. Kiini kitakachokosa kazi katikati ya shughuli hii hakitanyimwa kulala, ila kitalala kwa njia ya kawaida isiyotumia orodha, kwa kawaida usingizi mwepesi wa C1. Hapo ndipo kerneli inaiendesha _CST upya, inajaza orodha, inarudisha kila kiini kwenye utaratibu, na kufungua mlango.

Na zile taarifa nane? Kerneli inaifanyia kazi ya prosesa namba 0 na kuziacha nyingine zipite. Maelezo ya mwandishi yaliyoachwa ndani ya msimbo yanakiri waziwazi kwamba huu ni ujanja wa muda, na kwamba taarifa ilipaswa kuwa moja kwa mashine nzima. Ujanja wa muda umedumu miaka, kama ilivyo kawaida yake.

Mfumo endeshi wa FreeBSD ulipita njia nyingine. Huko kila kiini kinashughulikiwa peke yake: kinawekewa alama ya kutolala, kisha kinaitwa mahali pa kukutania, na kufika kwake ndiyo ithibati kwamba kimetoka usingizini. Baada ya hapo orodha yake inabadilishwa. Kinachonivutia zaidi kwa FreeBSD ni jambo linaloonekana dogo. Mtumiaji anaweza kuweka kikomo, akasema kwa mfano mashine isishuke chini ya C3. Je, chaja ikichomekwa na orodha ikaishia C2, kikomo kiwe nini? Ukiandika C2 juu ya C3, umeyafuta mapenzi ya mtumiaji: chaja ikichomolewa tena C3 itarudi kwenye orodha lakini hakuna atakayeitumia, na betri itakwisha mapema bila mtu kujua sababu. FreeBSD kwa hiyo huhifadhi namba mbili, alichotaka mtumiaji na kinachowezekana sasa, na kila orodha inapobadilika huikokotoa ya pili upya bila kuigusa ya kwanza. Kuna hata thamani ya Cmax, ya kusema tu: shuka kadiri inavyowezekana, iwe orodha ina ngazi ngapi.

Kuongezeka kwa mstari mmoja kwenye orodha kunaweza kuvuruga mambo yaliyo mbali kabisa na usingizi. Mfano mbaya kuliko yote ni saa. Katika prosesa za miaka ile, kipima muda kilichomo ndani ya kila kiini kilisimama pamoja na kiini kilipoingia C3. Mfumo uliokuwa umepanga kuamshwa nacho baada ya milisekunde 4 ungelala mpaka jambo lingine liuamshe. Kwenye umeme wa ukutani, ambako C3 haikuwamo kwenye orodha, tatizo halikuwepo. Chaja ikichomolewa, saa inayotegemewa na kila programu inaweza kunyamaza. Hata hesabu ya mizunguko ya prosesa, ambayo mifumo hupenda kuitumia kupima muda kwa usahihi, iliweza kusimama humohumo. Ilibidi kerneli, inapoisoma orodha mpya, ijiulize pia kama kipima muda bado kinaaminika. Kama hakiaminiki, kiini kinachokwenda kulala kinakabidhi miadi yake kwa kipima muda cha nje, kilicho kwenye ubao mama, ambacho humwamsha kila mwenye miadi kwa niaba ya wote. Intel ilikuja kutengeneza kipima muda kisicholala, na kikaingia sokoni na kizazi cha Westmere mwaka 2010.

Kelele ilikuwa jambo lingine. Linux 2.6 ilipandisha mapigo ya saa yake kwenye kompyuta za kawaida kutoka 100 hadi 1000 kwa sekunde. Kila pigo liliamsha prosesa, nayo ikarudi kulala. Katika C3 au C4 tofauti ya umeme kati ya kulala na kuamka ilikuwa kubwa kiasi kwamba vipande vya kusawazisha volteji kwenye ubao mama vilitetemeka mara 1000 kwa sekunde. Sikio la binadamu linasikia mlio huo vizuri sana. Wenye ThinkPad wa miaka hiyo walilalamikia mlio mwembamba usiokoma, na dawa mojawapo ilikuwa kuizuia mashine isishuke hadi ngazi hizo, yaani kununua ukimya kwa kulipa betri. Dawa ya kweli ilikuja Aprili 2007 na Linux 2.6.21, ambayo iliacha kugonga saa pasipokuwa na sababu: kama hakuna miadi hadi nusu sekunde ijayo, hakuna kuamshwa hadi nusu sekunde ijayo. Mwezi uliofuata Intel ilitoa PowerTOP, chombo kilichowaanika hadharani wasumbufu, programu zilizokuwa zikiamsha prosesa mara mamia kwa sekunde bila faida yoyote. Aibu hiyo ilisafisha programu nyingi.

Wasumbufu wengine hawakuwa programu. Vidhibiti vya USB vya zamani vya aina ya UHCI vilisoma kumbukumbu kuu kila milisekunde, hata kama kilichochomekwa ni kipanya kisichoguswa. C3 ya miaka hiyo ilitaka kumbukumbu isisomwe na kifaa chochote. Orodha iliyoandika C3 kwa hiyo ilikuwa inasema kweli na haitumiki. Ngazi ilikuwepo, mlango wake umezibwa na kipanya.

Mtu aliyekwisha kusoma mpaka hapa anaweza kuuliza kwa nini BIOS ipewe madaraka hayo tangu mwanzo. Nami nauliza vilevile. BIOS inajua ni ngazi gani zimeungwa vizuri kwenye ubao ule, na hilo ni la kwake kulisema. Haijui kama mtumiaji anaangalia filamu, anakusanya programu kubwa, au ameondoka na kuacha skrini wazi. Kuificha C3 kwa sababu tu chaja imechomekwa ni kuamua jambo ambalo mfumo endeshi una habari zaidi ya kuliamua, tena kuliamua kwa kunyamaza, maana orodha fupi haielezi kama ngazi haipo, ni mbovu, au imefichwa kwa ajili ya wepesi. Watunzi wa kanuni walidhani wanaongeza unyumbufu. Walichofanya ni kuchanganya kueleza kilichopo na kuamua kitumike nini.

Isitoshe, waandishi wa BIOS walikosea mara nyingi. Mwaka 2021 ilibidi Linux iongezewe hatua ya kupanga upya muda wa kuamka kabla ya kuutumia, kwa sababu laptopu kadhaa zenye prosesa za AMD zilikuwa zimeandikwa kwamba C2 ni nzito kuamka kuliko C3. Kipande cha kukadiria hakikuweza kuielewa ngazi isiyo ya chini iliyo ghali kuliko ya chini, na matokeo yake C2 ikawa inarukwa. Namba mbili zilizokaa vibaya kwenye jedwali zilitosha kuifuta ngazi nzima kwa vitendo.

Intel ilikuwa imeshachoka mapema zaidi. Len Brown, mhandisi wake aliyesimamia ACPI ndani ya Linux kwa miaka, aliandika draiva iitwayo intel_idle, iliyoingia katika toleo la 2.6.35 la mwaka 2010. Draiva hiyo haiulizi. Inaitambua prosesa kwa namba ya modeli yake na kufungua jedwali lililoandikwa ndani ya kerneli yenyewe na watu walioitengeneza prosesa. Namba za Nehalem na Skylake nilizozitaja zinatoka humo. Maelezo ya mwanzo wa faili hilo hayafichi nia: draiva inajua zaidi ya ACPI, na inaikinga Linux dhidi ya makosa ya BIOS.

Ilifanya kazi vizuri. Lakini tazama kilichoipata taarifa namba 81. Chaja ikichomolewa kwenye laptopu inayotumia intel_idle, BIOS inaweza kugonga mlango kama zamani. Kerneli inaupokea ujumbe, inaangalia ni draiva gani iliyo zamu, inakuta si ile ya ACPI, na haifanyi kitu. Kwa laptopu nyingi hilo ni jema: ngazi zote zipo muda wote, na kipande cha kukadiria ndicho kinachochagua. Pale ambapo jedwali la kerneli linasema ngazi ipo na maunzi yanayumba, ni balaa. Kompyuta ndogo za bei nafuu zenye chipu za Bay Trail ziligeuka mfano unaotajwa hadi leo: ziliganda ghafla chini ya Linux, na kwa muda mrefu kilichowasaidia watumiaji ni kuandika mstari mmoja wakati wa kuwasha, wa kuizuia intel_idle isivuke C1. Mashine zilizonunuliwa kwa sababu hazili umeme zikanyimwa usingizi ili zisigande.

Walioudhika zaidi ni wasimamizi wa seva. Kwao kuzima C6 ni uamuzi wa kikazi: maikrosekunde 200 za kuamka ni nyingi kwa hifadhidata inayojibu maombi maelfu kwa sekunde. Waliingia kwenye BIOS, wakaizima C6, wakawasha seva, wakakuta Linux inaingia C6 kama kawaida, kwa kuwa jedwali lake lilisema ipo. Mwaka 2020, katika toleo la 5.6, pande hizo mbili zilipatanishwa. Intel_idle ilijifunza kuisoma _CST: kwa prosesa isiyokuwa na jedwali ndani ya kerneli, inachukua orodha ya BIOS ilivyo, kwa seva zenye jedwali, inalinganisha, na ngazi isiyotajwa na BIOS huwekwa kwenye orodha ikiwa imezimwa. Mtumiaji akitaka, anaiwasha mwenyewe. Hatimaye kuna tofauti inayoonekana kati ya ngazi isiyokuwepo na ngazi ambayo mtu amesema isitumike, tofauti ambayo orodha fupi ya mwaka 2000 haikuweza kuionyesha.

Kuna mlango mwingine ambao mabadiliko hupitia, na huu uko juu, upande wa programu. Ndani ya Linux kuna faili /dev/cpu_dma_latency. Programu inayorekodi muziki, au inayopokea bei za soko la hisa, huifungua na kuandika namba: sitaki kuamka kuchukue zaidi ya maikrosekunde hizi. Kuanzia hapo ngazi zote zenye kuamka kwa muda mrefu zaidi zinakuwa kama hazipo, ingawa orodha haijaguswa. Kerneli inakumbuka maombi ya programu zote na kufuata lililo kali kuliko yote. Na kila kikomo kinapobadilika inafanya tena ule ubabe wake: inawaamsha wote waliolala, kwa sababu kiini kilichoingia C10 kabla ya ombi kingeweza kubaki humo muda mrefu baada ya kuambiwa kisiingie.

Ombi hilo hudumu maadamu faili limefunguliwa. Programu haina cha kufuta inapomaliza, wala haihitaji kukumbuka. Ikifa ghafla katikati ya kazi, kerneli inafunga mafaili yake yote kama inavyofanya kwa programu yoyote iliyokufa, na ombi linaondoka pamoja nayo. Ingekuwa heri kama _CST ingekuwa na adabu hiyo: kila kinachofichwa kiwe na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe akiondoka kifunuliwe.

Ukitaka kujua kompyuta yako iko upande gani, na inaendeshwa na Linux, soma faili la /sys/devices/system/cpu/cpuidle/current_driver. Ukikuta intel_idle, chomoa chaja uone: orodha iliyo chini ya cpu0/cpuidle kwa kawaida itabaki vilevile. Ukikuta acpi_idle, ile draiva ya ACPI, kama ilivyo kwenye laptopu nyingi za AMD, hesabu folda za state zilizomo, chomoa chaja, kisha hesabu tena. Kila folda ina muda wa kuamka, idadi ya mara ngazi hiyo ilivyoingiwa, na faili la disable la kuizima. Usiliguse hilo la mwisho kwa kujaribu tu ukiwa safarini na betri imebaki robo.